Muwa wa Kukushusha Njiani

Awuor mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda kuagana na wanakwaya, umevaa gambuti za kazi kwa sababu viatu vyako vingine umeshavifunga, na umeniachia ugali umefunikwa kwa sahani. Jua bado liko juu ya ziwa. Naandika haraka ili mkimaliza kuimba nami niwe nimemaliza.

Siku ile ulipoleta pikipiki ya kazi nyumbani ukaisimamisha mlangoni, uliniuliza jambo moja tu. "Baba, unaniruhusu ama unaninyamazia?" Nikakuambia chai inapoa. Hukuuliza tena, ila kila jioni unapoiosha naona unageuza shingo kidogo kuelekea nilipokaa. Kesho unaondoka nayo hapa Sori kwenda Lambwe, ukatibu ng'ombe wa watu, na sitaki uende bila jibu. Kinywa changu huchelewa, unakijua. Mkono una afadhali.

Habari za kufunga mlango, chandarua, na watu wa kuamini na wa kutoamini, sitakuandikia. Hayo unayajua kuliko mimi. Nitakuandikia habari za mgongo, kwa sababu ndio ulioninyamazisha. Umeniona ninavyoamka: kwanza nageukia ubavu, kisha kiwiko, kisha nakaa ukingoni mwa kitanda kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Umenipokonya ndoo mkononi mara nyingi bila kusema kitu, ukajifanya ulikuwa unaihitaji wewe. Pikipiki ndiyo iliyonifanya hivi, nawe unaenda kuishi juu ya pikipiki. Nisingeweza kujibu haraka.

Watu hudhani mgongo huharibika siku ya ajali. Mimi sijawahi kuanguka vibaya. Mgongo wangu uliisha kama kamba ya ng'ombe, uzi mmoja baada ya mwingine, na siku kamba ilipokatika ng'ombe hakuwa hata anavuta.

Uzi wa kwanza ulikuwa kukalia tangi. Gunia la omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, ni jepesi lakini ni kubwa, linakula kiti chote. Sisi tuliobeba omena kutoka hapa kwenda Migori tulikuwa na dawa moja: gunia likae kitini, mtu akae juu ya tangi la mafuta. Magoti yanapanda mpaka karibu na viwiko, shingo inaingia mabegani, na mgongo unapinda kama ndoana. Tulijiona wanaume. Kijana aliyebeba gunia moja dogo, akakaa kitini kama binadamu, tulimpigia honi. "Bi harusi amepita, mpisheni!" Nilipiga honi hiyo mara nyingi kuliko wenzangu wote.

Uzi wa pili ulikuwa springi. Tulimwambia fundi aongeze springi za nyuma, azikaze mpaka mwisho, ili mzigo usizilaze. Mzigo ulipokuwepo zilifaa. Lakini kila safari ina kurudi, na kurudi mtupu kwenye barabara ile ya zamani, kabla haijatengenezwa, ilikuwa kama kukaa ndani ya kinu. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja mpaka kichwani. Nilifika nyumbani nikamwambia mama yako nimechoka na jua.

Mama yako hakuamini habari ya jua.

Wewe unamkumbuka akiwa mkubwa, mwenye duka lake la wimbi hapo sokoni. Nataka umwone nilivyomwona mimi. Robi alikuja kwangu kutoka Kegonga akiwa hajui Kijaluo hata cha kuombea maji, nami Kikuria kilinishinda mpaka leo. Ndiyo maana nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili, na ndiyo maana nakuandikia Kiswahili sasa. Majirani walifikiri tunajidai. Hatukuwa na lugha nyingine ya kugombania.

Nilipopata pikipiki, wewe ulikuwa bado unabebwa. Siku za soko la Kegonga tulipeleka omena kwao, tukarudi na wimbi na ndizi. Magunia yalifungwa kwenye keria, yeye akakaa kitini na wewe mgongoni mwake, nami juu ya tangi langu. Safari ya kwanza, hatujafika Masara, nikasikia ngumi kiunoni. Haikuuma. Aliiweka tu hapo, chini ya mbavu, akasukuma.

"Nini?"

"Keti."

"Si nimekaa?"

"Umejikunja. Nyoosha kiuno."

"Nyar Kuria," nikamwita, yaani binti wa Wakuria, "mwenye usukani ni nani?"

"Usukani kaa nao, Baba Awuor. Huo mgongo ndio utanilimia."

Nikanyoosha. Ngumi ikatoka. Nikasahau, nikajikunja, ngumi ikarudi. Tulikwenda hivyo mpaka Migori. Pale Migori nilimuuliza amejifunzia wapi kuendesha, na hajawahi kushika pikipiki. Akacheka. Aliniambia yeye alichota maji kwa punda tangu utotoni, na kwao milima inashuka mpaka mtoni. Jioni hiyo alikalia kigoda cha jikoni akanionyesha. "Punda akiteremka, hukai kama gunia. Unakaa kama mtu ambaye yuko karibu kusimama."

Nimewaza sana juu ya maneno hayo tangu nianze kuumwa, na sijapata mengine bora. Miguu ndiyo ibebe uzito, si kiuno. Magoti yashike tangi, ili mikono isining'inie kwenye usukani. Mabega yalegee, viwiko vikunjike kidogo, macho yatazame mbali, maana anayetazama gurudumu lake la mbele shingo lazima iiname na mgongo uifuate. Ukiona shimo, inua mwili kidogo kabla hujalifikia, nyayo zikiwa zimekanyaga vizuri, lipite chini yako. Alikuwa akifanya hivyo kule nyuma. Nilisikia kiti kikiwa chepesi kabla ya kila shimo, nikajua shimo linakuja hata kabla sijaliona.

Sasa nikueleze habari ya miwa.

Katika njia ya Kehancha, ukishaiacha Migori, palikuwa na mwanamke aliyeuza miwa kando ya barabara, iliyomenywa na kukatwa vipande. Mama yako hakuwahi kupita hapo bila kunisimamisha. "Simama, Baba Awuor, nataka muwa." Nikasema tumechelewa, soko litajaa. "Nataka muwa." Nikasema tutanunua tukirudi. "Nautaka sasa. Wewe hujawahi kunyonyesha, hujui njaa inavyokuja." Basi nashuka nikinung'unika. Yeye ananunua, anachagua, anarudisha, anabishana na yule mama, anauliza habari za watoto wake. Mimi nazunguka pikipiki nikiwa nimechukia, napiga tairi kwa kiatu, najinyoosha, naweka mikono kiunoni natazama shamba la mtu. Anatafuna kipande kimoja polepole. Vilivyobaki anavifunga kwenye pembe ya leso. Tunapanda. Na tukirudi jioni, pale pale: "Simama, nataka muwa."

Hata ulipokuwa umeshaachishwa kunyonya, ile njaa ya kunyonyesha haikuisha. Nilimtania kwa hilo miaka mingi. Niliwaambia wenzangu stendi kwamba nimeoa tembo.

Alipotutoka, kwa ule ugonjwa wake mfupi ambao sitaki kuurudia hapa, mama yako mdogo Boke alikuja kutoka Kegonga akakaa nasi siku zote za matanga. Siku moja baada ya mazishi jirani alileta miwa. Nilichukua kipande, nikasema tu, kwa kutojua la kusema, kwamba Robi angeufurahia huu.

Boke akanitazama. "Shemeji, Robi gani?"

"Dada yako."

"Dada yangu hakupenda miwa. Tangu tukiwa wadogo ilikuwa inamuumiza meno. Fungu lake nilikula mimi. Muulize mama."

Sikumuuliza mama mkwe. Nilitoka nje nikakaa kwenye pikipiki, na kwa mara ya kwanza nilikaa kitini, maana niliona haya kukaa kwenye tangi.

Fikiria, Awuor. Mwenye mume asiyeambilika angegombana naye, au angenyamaza amwache aharibike. Yeye hakufanya lolote kati ya hayo. Alijua nikiambiwa nipumzike nitasema mwanaume hapumziki njiani, akatafuta kitu kingine cha kunishusha, akakitafuna miaka yote ile na meno yanamuuma. Sijui watu wangapi wamependwa hivyo. Mimi nimependwa hivyo, na nilijua nikiwa nimeshika kipande cha muwa kwenye matanga yake.

Ungedhani nikishajua ningejitunza. Sikujitunza. Nilirudi kwenye tangi. Ngumi haikuwepo, na yule mama wa miwa nilimpita bila kumtazama, kwa sababu nilijua ningelia. Nilikwenda Kegonga na kurudi Sori bila kukanyaga chini isipokuwa kushusha mzigo na kuweka mafuta. Nilifikiri nikikimbia sana nyumba itakuwa tupu kwa muda mfupi zaidi.

Siku kamba ilipokatika nilikuwa nimetoka safari ndefu namna hiyo. Nilifika hapa kwenye soko la samaki, mwili umekauka katika umbo la pikipiki, na kabla hata sijazima injini vizuri mtu akaniambia nimshikie kreti ya samaki. Ilikuwa na samaki wachache chini. Nikashuka, nikainama papo hapo, na sikuinuka. Nilibaki nimepiga magoti mbele ya kreti. Wanawake wa samaki wakaanza.

"Mzee, unawaposa ama unawaombea?"

"Mwache, anachagua bibi."

Kisha mmoja akaona uso wangu, wakanibeba kwenye turubai la kuanikia omena. Nilinuka omena siku nzima, na bado nakumbuka kwamba jambo lililonisumbua zaidi ni harufu hiyo, kwa kuwa ungekuja kutoka chuoni unikute nayo.

Ulikuja. Hukupiga kelele, hukuniuliza kwa nini. Ulinipeleka Homa Bay kwa yule mama anayetibu viungo, ukakaa kwenye kona ya chumba ukitazama kila alichonionyesha, na tulipofika nyumbani ulikuwa umeshika yote kichwani. Nilitaka kulala mpaka mgongo upone wenyewe. Ulisema, "Amesema utembee." Tukatembea mpaka ufukoni na kurudi, mpaka tukawa tunaenda bila mimi kushika bega lako. Kisha yale mazoezi ya kwenye mkeka, magoti juu, kiuno kinasukuma chini, kisha mkono na mguu wa upande mwingine kama mtoto anayetambaa. Nilifungua macho asubuhi ya kwanza nikakuona na wewe uko chini kwenye leso, unafanya vilevile.

"Wewe unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Sasa?"

"Mtu akifanya peke yake anaona haya."

Umefanya hivyo kila asubuhi uliyokuwa hapa. Ni mama yako mtupu, muwa mwingine tu. Nilitaka kukuambia hivyo siku ile, nikasema chai inapoa. Naona hiyo chai yangu imepoa mara nyingi.

Halafu wiki hii ukaipeleka pikipiki ya kazi kwa fundi Ouma, nami nikakufuata kwa sababu sikuwa na kazi. Ulikuwa mgeni kwake lakini ulikaa juu ya ile pikipiki, ukafumba macho, ukashika usukani, ukafumbua ukatazama mikono yako imefika wapi. Ukamwambia aulegeze usukani, aurudishe nyuma kidogo. Ukakaa tena. Ashushe vishikio vya breki na klachi, viganja visipinde. Ashushe pedeli ya gia. Halafu ukamwambia alegeze springi za nyuma.

Ouma akaweka spana chini. "Dada, hii ni pikipiki ama unashonesha nguo?"

"Nashonesha. Wewe shati la mdogo wako ukivaa si linakubana kwapa?"

"Lakini springi nikizilegeza utabebaje mzigo?"

"Nabeba mtungi wa mbegu za fahali na sanduku la dawa. Sibebi omena."

Vijana waliokuwa wakingoja wakaangua kicheko, wakanitazama mimi, nami nikacheka nao. Nilikuwa nafikiri kwamba pikipiki zote nilizoendesha niliziendesha kama zilivyotoka dukani, zimepimwa kwa mikono ya mtu nisiyemjua, na mwili wangu ndio niliokuwa nikiukunja ukatoshe. Haikunijia hata siku moja kwamba chuma ndicho cha kulegezwa. Wewe hujamaliza hata tangi moja la mafuta na umeshajua.

Jana ukaniambia nipande nyuma yako tufike Karungu na kurudi. Nilikaribia kukataa. Sijawahi kubebwa na mtu kwenye pikipiki, na mtu mwenyewe ni mtoto niliyembeba. Nikapanda. Mbele yangu ukawa mgongo wako, nikautazama njia nzima kama mtihani. Nilikuwa nimekunja ngumi tayari juu ya paja langu. Nilisema moyoni, akijikunja tu, naiweka. Tukapita shule, tukakaribia daraja. Kabla ya daraja, pale palipobomoka, nikasikia kiti kimekuwa chepesi. Ulijiinua kidogo, shimo likapita chini yako, ukarudi kukaa. Mimi ndiye niliyerushwa.

Nani alikufundisha hilo? Sikuwahi kukufundisha, maana sikuwa nalifanya. Nafikiri ulilipata ukiwa mgongoni mwake, umelala, mwili wake ukiinuka na wako ukiinuka nao, njia yote ya Kegonga.

Ngumi yangu ilifika Karungu imekunjwa na ikarudi imekunjwa. Haikupata kazi. Na pale Karungu ulisimama mwenyewe, ukashuka, ukaweka mikono kiunoni ukajinyoosha nyuma ukitazama maji.

"Umechoka?"

"Hapana, Baba. Nashuka kabla sijachoka."

Ndipo nikajua jibu langu. Ni ndiyo, Awuor. Nakuruhusu, na hata neno lenyewe naliona dogo, maana mtu humruhusu anayehitaji kuonyeshwa njia. Nenda. Usigeuze shingo tena kunitazama. Mazoezi nitafanya, hata kwa haya yangu. Maji mtoto wa jirani ataniletea, na nitamwachia abebe.

Mambo mawili tu yananibakisha na wasiwasi, na nayaandika kwa sababu nakujua. Lile begi lako la chuo, usilipakie vyuma ukalibeba mgongoni. Lifunge kwenye keria karibu na kiti, pamoja na mtungi. Na ile siku utakayopigiwa simu kwamba ng'ombe wa mtu ameshindwa kuzaa, bonde zima linakungoja, najua hutashuka mahali popote. Utaenda moja kwa moja, na ukifika utainama papo hapo uvute ndama, kama nilivyoinamia kreti. Usiiname. Mzunguke ng'ombe kwanza. Muulize mwenye ng'ombe, huyu anaitwa nani, alizaa lini mara ya mwisho. Acha mgongo ukumbuke kusimama. Ndama atakusubiri kwa muda wa kutaja jina la mama yake.

Asubuhi utakuta muwa umefungwa kwenye keria, chini ya mpira wa kufungia mtungi. Nimeuchagua mwenyewe sokoni leo, nikarudisha miwili, nikabishana na yule mama mpaka akaniuliza kama nina homa. Ukifika Sindo, simama. Tafuta kivuli, umenye, utafune polepole.

Ile miwa iliyorudi kwenye pembe ya leso, wewe ndiye uliyeila, na hadi leo sijawahi kukuuliza kama uliipenda au ulikuwa unatufurahisha tu. Kama hupendi, mpe mtoto yeyote utakayemkuta hapo. Lakini shuka.

Baba yako